Siku moja na zamu ya toleo la Kubernetes

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya chai nafungua TestGrid, ubao unaoonyesha majaribio yaliyoendeshwa usiku kucha ya Kubernetes, programu huria ya kuendesha programu nyingine kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja. Mimi ni mwanagenzi katika timu ya kutoa toleo, upande wa wanaochunga majaribio. Ni kazi ya kujitolea, hailipwi. Ubao wa kwanza una majaribio yanayoweza kuzuia toleo lisitoke, wa pili ni wa taarifa tu. Leo wekundu, yaani jaribio lililoanguka, uko kwenye ule wa kwanza.

Saa kumi na mbili. Natafuta jaribio lilipopita mara ya mwisho na lilipoanguka mara ya kwanza, kisha nasoma mabadiliko yaliyoingia katikati. Lingekuwa linaanguka mfululizo tangu hapo, chanzo kingekuwa humo humo. Hili linaanguka, linapita, linaanguka tena, na msimbo ni ule ule. Kigeugeu. Mimi naona heri jaribio lililokufa kabisa, maana hilo kila mtu atalikimbilia. Vigeugeu huwazoesha watu kubonyeza "endesha tena", mpaka siku hitilafu ya kweli inajipenyeza na hakuna anayeiuliza inakwenda wapi.

Saa moja. Nafungua tiketi kwenye GitHub, tovuti unakotunzwa msimbo wa mradi: jina la jaribio, lilianza lini, ujumbe wa kosa, viungo vya kumbukumbu. Naweka lebo, naliita kundi linalosimamia nodi, yaani kompyuta zinazobeba kazi. Halafu daladala.

Saa mbili hadi saa kumi ni za mwajiri. Wakati wa chakula nachungulia simu: mtu wa kundi la nodi amejibu. Anashuku kontena, yaani kifurushi cha programu, linapewa muda mfupi mno wa kuwa tayari pale mashine inapolemewa, na ameshatuma marekebisho.

Saa kumi na mbili jioni. Marekebisho yanasubiri mkaguzi, naye kimya. Msimbo umeshafungwa, kwa hiyo hakuna kinachoingia bila alama ya toleo hili. Nampigia hodi kwa adabu kwenye Slack, jukwaa letu la ujumbe, nikimweleza kitakachokwama. Sehemu kubwa ya kazi hii ni hiyo, kuwaulizia watu. Go, lugha ambayo Kubernetes imeandikwa kwayo, sijaandika hata mstari. Wanaodhani mradi huria ni wa magwiji wa msimbo peke yao wajue kwamba kabla ya kila mzunguko wa kutoa toleo hutolewa fomu ya kuomba uanagenzi, na wageni kabisa hukubaliwa. Tangu 2021 mizunguko ni mitatu kwa mwaka.

Saa tatu usiku. Kikao, kwa saa inayowafaa zaidi Ulaya na Amerika. Kila timu inataja rangi yake. Kiongozi wangu ananiachia ripoti, nasema njano, yaani bado kuna shaka. Mmoja anauliza kwa nini si kijani, ilhali marekebisho yameingia jioni hii na jaribio limepita. Namjibu kwamba hata kabla ya marekebisho lilikuwa likipita, siku likijisikia. Njano inabaki, na tiketi siifungi mpaka lipite siku kadhaa mfululizo.