Lifti ya Hoboken, Matatu ya Bergenline

Noti ya dola 100 haina kazi ndani ya matatu. Hilo nililijua tangu miaka ya tisini nikiwa makanga, mpokea nauli wa matatu za Kisauni, Mombasa. Abiria anakutolea noti ya elfu alfajiri, gari la kwanza, hujakusanya hata shilingi, unamtazama kama mtu aliyekuja dukani na ng'ombe kununua kiberiti. Sikujua kwamba iko siku mwenye ng'ombe nitakuwa mimi, na hiyo matatu yenyewe iko chini ya mto, baina ya New Jersey na New York.

Nilikwenda Mei 2023 kumwona dada yangu, ambaye sikumtia machoni kwa miaka 11. Viza peke yake ilikuwa dola 160, upewe usipewe hazirudi. Safari ya ndege siisimulii. Aliyekaa saa 15 magoti yakigusa kidevu anaijua, na ambaye hajakaa Mungu amwepushe.

Dada anakaa Jersey City, mtaa wa The Heights, katika kaunti ya Hudson. Nilipolisikia neno kaunti nikajihisi niko kwetu, nikauliza gavana ni nani. Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, gavana ni wa jimbo zima. Hapa kuna mameya." Mameya 12, kumbe, maana kaunti imegawika miji 12, kila mmoja una meya wake na polisi wake. Unavuka barabara kununua maziwa, umeshabadilisha meya.

Mimi nilikuwa nimeondoka Mombasa nikiamini hakuna kaunti iliyobanana kama yetu: watu 1,208,333 kwa hesabu ya 2019, katika kilomita za mraba 220 hivi. Hudson, kwa sensa yao ya 2020, ina watu 724,854 katika kilomita 120 hivi za nchi kavu. Nikapiga hesabu kwenye simu, wametushinda. Na sehemu ya kaunti hiyo ni vinamasi na yadi za reli ambako hakai mtu, kwa hivyo waliobaki wamebebana. Union City peke yake ina karibu watu 69,000 katika kilomita za mraba tatu na kitu. Nyumba za mbao zimeshikana bega kwa bega, kengele nne au tano kwenye mlango mmoja.

Siku ya pili dada alinitoa matembezi, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Kaka, hapa kuna juu na kuna chini. Sisi tuko juu. Usidhani juu ndiko kwa matajiri."

Kuna jabali refu linalofuata mto Hudson, wanaliita Palisades. Juu yake ndiko The Heights, Union City, West New York. Chini, kando ya maji, ndiko Hoboken na yale majumba marefu ya vioo. Kutoka mtaa wa dada mpaka Hoboken, unafika ukingo wa jabali, unaingia kwenye mnara, unabonyeza kitufe, lifti inakuteremsha mpaka kituo cha treni ndogo. Bure, kama feri ya Likoni kwa mwenda kwa miguu. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo, sikufika 30 mlango ukafunguka.

Tulikuwa tisa humo ndani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanawake sita, wengi wao na mikoba mikubwa ya begani yenye viatu vya kubadilisha, kijana mmoja na baiskeli ya kupelekea watu vyakula, dada na mimi. Hakuna aliyesema neno. Tulipotoka, walikuwa wakisubiri kupanda watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa na mbwa.

Nikamuuliza dada tofauti ni kiasi gani. Akaniambia kipato cha kati cha nyumba moja Hoboken kinapita dola 150,000 kwa mwaka, na kule Union City hakifiki hata nusu yake. Yeye anazijua hesabu hizo kwa sababu anasoma masomo ya jioni, na pia kwa sababu kazi yake ni kumlea bibi mmoja wa miaka 91 ghorofa ya juu kabisa, mbele ya mto. Anamwogesha, anampa dawa, anamsomea gazeti. Kahawa ya chini ya jengo hilo nilinunua mwenyewe: dola 5 na senti 75, kikombe cha karatasi. Shilingi mia saba na ushei! Niliinywa mpaka tone la mwisho ingawa ilikuwa chungu, nikalamba na kifuniko.

Lakini Hoboken haikuzaliwa tajiri. Ulikuwa mji wa makuli na viwanda, na Wapuerto Riko walijaa humo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nyumba za kupanga zikaanza kuungua, moja baada ya nyingine, nyingi zikishukiwa kutiwa moto makusudi, wakati ambapo wanunuzi wa nyumba walikuwa wameanza kumiminika. Makumi ya watu walikufa, wakiwemo watoto wengi. Waliopona walihama, wengine wakapanda juu ya jabali. Jersey City nako, yalipokuwa mayadi ya reli sasa ni minara. Kiwanda cha Colgate kimeondoka, imebaki saa yake kubwa tu imetazama Manhattan. Nilisimama nikaipiga picha kwa ajili ya mama, maana kwetu dawa ya meno yoyote, iwe ya kampuni gani, ni kolgeti.

Sasa nije kwenye noti.

Siku ya nne dada alinipeleka Union City kunyoa, maana kinyozi wa juu ni rahisi, kisha akaenda zake kazini. Akaniachia maagizo: nishike gari la Journal Square, kule kule Jersey City, nikifika niteremke hadi kwenye maduka ya Wahindi ya Newark Avenue, ninunue bizari na unga wa chapati, nirudi. Mtu mzima, kazi rahisi.

Barabara ya Bergenline ilinitoa machozi, na sifanyi mzaha. Kulikuwa na matatu! Magari madogo meupe ya abiria ishirini na kitu, yanakimbizana, yanapiga honi, yanakatana mbele kugombea mtu mmoja aliyenyanyua kidole. Muziki wa Kihispania ndani, rozari kwenye kioo. Katika nchi ambayo kila kitu kina mstari wa kusubiria, hawa walikuwa wanafanya kazi kama watu. Kitu kimoja tu kiliniuma: hawana makanga. Dereva peke yake anaendesha, anapokea pesa, anatoa chenji, anaongea na simu. Nani anaita watu, basi?

Nikanyanyua kidole. Gari likasimama kabla sijakishusha. Nikauliza, "Journal Square?" Dereva, simu iko begani, akatikisa kichwa kwa namna ambayo kwetu ni ndiyo. Nikapanda, nikakaa dirishani kama mtoto.

Baada ya dakika kumi hivi tukaingia barabara kubwa. Sikujali. Kisha barabara ikaanza kuteremka ikizunguka kama konokono, na ghafla New York yote ikajitokeza upande wangu, majengo yamesimama majini jua limeyapiga, nikatoa simu nipige picha. Nilikuwa bado nashangilia tulipozama kwenye handaki. Vigae vyeupe huku na huku, taa, masikio yameziba. Ukutani nikaona mstari umechorwa, upande huu New Jersey, upande ule New York. Hapo ndipo damu ilipoteremka miguuni.

Nikamgeukia mama aliyekaa pembeni yangu. Mtu wa makamo, mfupi, nywele amezifunga kwa kitambaa cha buluu. Nikasema "Journal Square?" na naona sauti yangu ilikuwa nyembamba, maana alianza kucheka kabla sijamaliza. "No, no, papi. Nueva York."

Nauli watu hulipa wakishuka. Mfukoni nilikuwa na ile noti moja, mpya, imenyooka, niliyoibadilisha Moi Avenue, Mombasa, na kuiweka ndani ya paspoti. Gari lilipofika Mtaa wa 42 nikamkabidhi dereva. Aliitazama. Wallahi ni mtazamo ule ule! Nyusi zile zile, mdomo ule ule, nilikuwa nautoa mimi mwenyewe pale steji ya Kisauni miaka 25 iliyopita. Akasema maneno mengi ambayo sikuhitaji mkalimani. Nyuma yangu watu wakaanza kusukuma. Yule mama akapitisha mkono juu ya bega langu, akaweka nauli yake na dola 3 zangu, akanishika kiwiko tukashuka.

Nilitaka kubadilisha pesa pale pale nimlipe. Akakataa kwa kidole, akaonyesha saa, amechelewa. Lakini hakuniacha. Alitembea nami mpaka yanapopakia magari ya kurudi, akanisimamisha kwenye foleni, na foleni ikawa ndefu, akasubiri nami. Kiingereza chake na changu viliokotana. "You, where?" Nikasema Kenya. Akafikiri. Akajigusa kifua: "Ecuador." Nikachora duara hewani, nikapitisha mkono katikati, ikweta. Akapiga makofi. Nchi yake imeitwa hilo jina, na yangu imekatwa nalo katikati. Tukawa jirani.

Kwa mikono na maneno machache niliambulia haya. Anakaa Union City na wanawe watatu na shangazi. Jioni anasafisha ofisi Manhattan mpaka saa saba usiku. Jumamosi anasafisha nyumba katika jengo moja la Weehawken, chini ya jabali. Sebule inatazama mto, akafungua mikono kuonyesha upana wa dirisha. Lakini chumba cha kufulia kiko nyuma, kina dirisha dogo, akakutanisha vidole kuonyesha udogo wake, na hilo linatazama mwamba. Akiinamisha shingo hivi, akainamisha, anaona juu kabisa paa la jirani yake.

Sikuwa na kitu cha kumpa. Nikakumbuka mabuyu, nilibeba pakiti kwa ajili ya mpwa wangu naye akayakataa. Nikamimina kiganjani mwake. Alitia moja mdomoni, akakunja uso, akalinyonya, akatia jingine. Gari langu lilipokuja alikuwa anakwenda zake upande wa pili wa barabara, midomo na vidole vyekundu, ofisi ya watu inamsubiri. Nauli ya kurudi aliniachia pia.

Dada alipandisha hasira. Akaniambia magari yale yaliwahi kuua: mwaka 2013, West New York, moja liliparamia nguzo ya taa, nguzo ikaangukia kitoto cha miezi 8 kikiwa ndani ya kigari chake. Dereva alikuwa kwenye simu. Ikatungwa sheria ya jimbo yenye jina la mtoto, Sheria ya Angie. Nikamwambia nasi tuna sheria za matatu za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, za mwaka 2004, mikanda na vidhibiti mwendo, na wote tunajua mikanda iko wapi sasa. "Usinichekeshe," akasema, "nimekasirika." Lakini alicheka. Bizari hakupata.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nalifikiria lile dirisha la kufulia. Mimi nimebeba watu wa Kisauni, Bombolulu na Mshomoroni miaka sita, asubuhi nikiwashusha karibu na Nyali, mtaa wetu wa matajiri, wanaingia kwa miguu, wapishi, yaya, watunza bustani. Ndani ya kuta zile nimeingia mara moja tu, kupeleka begi la abiria aliyelisahau, na mlinzi alilipokea kwa tundu la geti. Hatuna jabali sisi. Nchi ni tambarare, unatoka Kongowea kwenye mafungu ya nyanya, hatua chache uko penye miti na kimya. Nami sikuwahi kuuliza abiria hata mmoja chumba anachofulia kina dirisha.

Kesho yake nikavunja ile noti dukani, nikaenda Bergenline na dola 6, nikasimama pale pale saa zile zile nimrudishie. Hakutokea. Nikaenda siku ya pili, na ya tatu. Madereva wakanizoea, wakaniita África. Jioni ya tatu gari moja lilikuwa limesimama na watu wanne tu ndani, dereva anapiga honi bila faida, abiria wanapita wakiangalia simu. Nilivumilia kidogo. Kisha nikapiga bati la ubavuni mara mbili kwa kiganja, nikaita kwa sauti ya Kisauni, "Nueva York, Nueva York, wawili wawili, twende!"

Watu waligeuka. Mmoja akapanda, wakafuata wengine, na dereva akatoa kichwa dirishani mdomo wazi. Nilimjazia gari lile mpaka kiti cha mwisho nikafunga mlango. Likaondoka, nami nikabaki ukingoni na dola zangu 6 mkononi, natazama kama kuna kitambaa cha buluu kinakuja.