Waliniambia stoo hakuna nyota

Nilipopangiwa ugavi na usafirishaji nikiwa luteni mpya, wenzangu wa askari wa miguu walinipa pole kama mtu aliyefiwa. "Utazeeka unahesabu soksi," mmoja akanicheka. Meja niliyemheshimu sana akanishauri niombe uhamisho mapema, maana stoo hakuna nyota. Barua nikaiandika, lakini sikuipeleka. Nimestaafu nikiwa kanali, na yule wa soksi alipita dirishani kwangu mara mbili kuomba buti.

Kozi, mitihani na leja kila mtu anapitia, siyasemi. Nitasema msafara wangu wa kwanza.

Malori 9. Niliyapakia kwa madaha: vizito chini, vyepesi juu, turubai zimenyooka kama shuka za hospitali. Mkuu wa kikosi akapita, akaridhika. Tukafika usiku, mvua inamwagika, mkuu anataka mahema. Nikamtuma sajini. Akachungulia na tochi, akarudi polepole.

"Mahema yapo, afande."

"Yalete basi."

"Yapo chini ya tairi za akiba, afande. Na tairi zipo chini ya jenereta."

Jenereta haishuki bila winchi. Winchi ilikuwa kwenye lori la saba, nalo limekwama kilomita kama 30 nyuma. Askari mia na ushee wakalala chini ya malori. Kila aliyejigeuza matopeni nilimsikia akinitaja, na si kwa dua.

Asubuhi sajini akanong'ona, "Afande, tulipakia kwa ajili ya gwaride."

Tangu siku ile, kabla ya safari nachora sakafu ya kila lori uwanjani kwa chaki, vipimo vilevile, napanga vitu nikianzia mwisho: kitakachotakiwa kwanza ndicho kinachoingia mwisho. Mahema nayagawa malori matatu. Pampu ya mafuta haipandi lori moja na mpira wake ukapanda jingine, hilo nalo nililijua kwa machozi. Masanduku nayapaka rangi ubavuni, si juu, maana yakishapangana nani ataona juu? Wakaniita Afande Rangi. Sawa tu.

Na maji, jamani! Dumu la lita 20 ni kilo 20 kabla hujapima dumu lenyewe. Lori linatimiza uzito wake huku juu kuna nafasi tele, halafu luteni mgeni anaona nafasi ile anaongeza mizigo, springi zinalia. Nimewafukuza wengi kwenye malori yangu.

Anayedhani haya ni makosa ya vijana tu, atazame Vita ya Ghuba ya 1991. Jeshi la Marekani lilipeleka makontena kama 40,000, na zaidi ya nusu ikabidi yafunguliwe ndipo ijulikane yana nini. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu ofisini. Tairi zangu na jenereta yangu zilikuwa na ndugu wakubwa. Tena William Pagonis, aliyesimamia ugavi wa vita hiyo, alipata nyota ya tatu ya ujenerali hukohuko uwanja wa vita.

Siku ninavalishwa ukanali, meja wangu alikuwepo, amestaafu zamani. Nikamsimulia habari za Pagonis, kisha nikamkumbusha ule ushauri wake. Akasema hakumbuki kunishauri lolote. Barua ninayo.