Faiba Moshono: kabla hujalipa, uliza boksi liko wapi

Kama unaishi Moshono, Olasiti, Kwa Mrombo au popote pembeni kidogo ya mji wa Arusha na kuna mtu wa mauzo kakwambia faiba, yani intaneti ya waya wa kioo, imefika mtaani kwenu, tafadhali soma hii kabla hujamtumia hela. Sitaki kumkatisha mtu tamaa, faiba ni nzuri sana na mimi kwenye bando za simu sirudi tena, ila kuipata na kuitengenezesha ikiharibika kunachosha watu kuliko inavyotakiwa na sababu yake sasa naijua: yule unayempigia simu na yule anayepanda nguzo hawaongei. Taarifa ya mmoja haimfikii mwenzake, alafu wewe mteja ndo unageuka mjumbe wa kupeleka maneno kati yao.

Kazi yangu ni kupanga safari za wageni, yani hoteli, kambi za Serengeti na Tarangire, ndege za Zanzibar, vitu kama hivyo, na sehemu kubwa naifanyia nyumbani. Mgeni wa Ujerumani au Marekani anataka mwongee kwa video kabla hajatoa hela yake, na ile simu ikikwama katikati anakwenda kwa mwingine, Arusha hii kampuni za utalii zimejaa. Kwa hiyo kwangu intaneti ni kitendea kazi, kama gari kwa dereva.

Sasa mtu wa mauzo alikuja na fulana ya kampuni na fomu, mstaarabu tu, akasema faiba ipo mtaani, jaza hapa, toa nakala ya kitambulisho, lipia, ndani ya masaa 48 fundi anafika. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nimeongea na watu wa kampuni zingine na wengi wanasema stori zinafanana. Masaa 48 yakapita, wiki ikapita, kila nikipiga naambiwa "ombi lako linashughulikiwa". Mwisho akaja kijana wa kupima, kaangalia nguzo ya kona, kanigeukia akasema, dada, boksi limejaa.

Hapa nieleze maana watu wengi hawaambiwi. Faiba haiji waya mmoja kutoka ofisini kwao mpaka kwako. Unakuja waya mmoja mkubwa, mtaani unaingia kwenye kifaa kinaitwa splita ambacho kinaugawa mwanga kwenda nyumba nyingi, 32 au hata 64 kwa laini moja, na kwenye nguzo kuna boksi dogo jeusi lenye nafasi za kuchomeka, mara nyingi nane au kumi na sita. Nafasi zikiisha zimeisha, hata kama boksi linaonekana kutoka dirishani kwako, mpaka waje waongeze lingine. Kwa hiyo "faiba imefika mtaani" inaweza kuwa na maana waya mkubwa unapita barabarani na basi. Muulize mtu wa mauzo maswali mawili: boksi la karibu na kwangu liko nguzo gani, na lina nafasi? Akishindwa kujibu, mwambie alete fundi aangalie kwanza, hela baadaye. Na kama umepanga, ongea na mwenye nyumba mapema maana watatoboa ukuta, nimeshaona jirani fundi kafika na dreli na mwenye nyumba kakataa, fundi akaondoka na foleni ikaanza upya.

Boksi likaja kuongezwa, sitawachosha na hiyo sehemu, na siku ya kufungiwa yenyewe kwa kweli nilifurahi. Yule kijana alikuwa anaijua kazi yake. Akavuta waya mwembamba kutoka nguzoni, akaupitisha juu vizuri bila kuukunja kona kali, akaniambia huu ndani ni kioo, ukiukunja sana mwanga unavuja hata kama haujakatika. Akachomelea ncha za waya kwa mashine, alafu akatoa kifaa kidogo cha mkononi akapima, kikasoma -19 dBm. Nikamuuliza hiyo ndo nini, na hakuniona msumbufu, akanielekeza: hicho ni kipimo cha mwanga unaofika kwako, namba ni hasi, ikiwa karibu na -20 uko vizuri, ikishuka mpaka -27 huko rauta inaanza kuhangaika, na kila ikishuka 3 maana yake mwanga umepungua nusu. Akaandika -19 na tarehe kwa maka peni chini ya rauta. Akaniambia pia nisichungulie ile ncha ya waya kwa jicho, mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza. Huyo kijana kama anasoma hapa, ubarikiwe, ile namba uliyoandika ndo iliyoniokoa baadaye.

Masika yakaingia. Asubuhi moja Fuso limebeba majani ya ng'ombe mpaka juu likapita kwenye barabara yetu, likaunasa waya, rauta ikawasha taa nyekundu pale penye herufi LOS. Hiyo taa ina maana moja tu, mwanga haufiki. Haihusiani na nywila, haihusiani na kifurushi kuisha, waya umekatika, umechomoka au umeharibika mahali. Sasa nikapiga huduma kwa wateja.

"Dada, naomba uzime rauta, subiri sekunde thelathini, uwashe."

Nikamwambia, dada yangu, LOS ni nyekundu, waya uko chini barabarani, nauona kwa macho.

"Sawa dada, naelewa, lakini naomba kwanza uzime uwashe ili niweze kuendelea."

Nikazima, nikawasha. Akafungua tiketi, yani kumbukumbu ya tatizo langu kwenye kompyuta yao, akasema masaa 24. Kesho yake mchana simu ikaingia meseji, Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa, asante kwa kuendelea kuwa nasi. Na waya bado uko chini, watoto wanaurukia wakitoka shule! Nikapiga tena, huyu mwingine anaona kwenye kompyuta yake tiketi imefungwa kwa hiyo inabidi afungue mpya, na mpya inaanza kuhesabu masaa 24 yake. Ikajirudia hivyo hivyo mpaka nikazoea kuisubiri ile meseji.

Hili la kufunga tiketi kabla kazi haijafanyika ndo linaniuma kuliko yote na ninalisema bila kuficha: ni kumdanganya mteja kwa maandishi. Kuchelewa naelewa, mvua ipo, mafundi wachache, Arusha imetanuka. Lakini ukiandika limetatuliwa wakati halijatatuliwa, ripoti ya bosi wako inapendeza na mimi napotea kabisa kwenye foleni. Mtu mwenye duka la kuprinti, mwanafunzi anayefanya mtihani mtandaoni, mama anayeongea na mwanae aliyeko Canada, wote wanapotea hivyo hivyo.

Na wale wadada na wakaka wa kwenye simu mimi siwalaumu, naomba tusiwatukane. Wengi wako Dar es Salaam, wanasoma maelekezo kwenye skrini, Moshono hawaijui, na nguzo hawaioni. Fundi aliyekuja baada ya tiketi zote hizo aliniambia wao mafundi ni wa mkandarasi, wanalipwa kwa kila nyumba mpya wanayounganisha, ukarabati hela yake ni ndogo. Hapo ukijiuliza kwa nini wa kufunga wanakuja na wa kutengeneza hawaji, jibu umelipata.

Huyo fundi alikuja jioni ana haraka, hana mashine ya kuchomelea, akakata sehemu iliyochanika akaunganisha na konekta ya kubana kwa mkono, akazungushia seloteipu, intaneti ikarudi, akaondoka. Usiku inakatika, LOS nyekundu. Asubuhi iko sawa, mvua ikinyesha inakatika. Huduma kwa wateja wanasema kwenye sistimu uko hewani. Mmoja akaniambia ni kwa sababu majirani wengi wanatumia jioni, na hiyo nikaikataa kwa hesabu: laini ya aina hii inabeba kama Gbps 2.4, yani Mbps 2,400, kuja kwa wateja, hata nyumba zote 32 zikivuta Mbps 20 kila moja kwa wakati mmoja ni 640, haifiki hata theluthi ya laini. Msongamano unaweza kuwepo huko mbele kwenye mtandao wao, lakini huo unaleta uzito, hauleti taa nyekundu.

Nikaingia kwenye kurasa za rauta (anwani na nywila mara nyingi vimebandikwa chini yake) nikatafuta penye kipimo cha mwanga. -27. Kutoka -19! Hiyo ni nane zimepotea, mwanga umebaki kama sehemu moja ya sita ya ule wa mwanzo, na tofauti yote iko kwenye ile konekta ya seloteipu inayoingia maji.

Nikaacha kupiga simu. Nikaandika barua pepe moja fupi: namba zangu za tiketi zote, tarehe ya kila moja kufungwa, picha ya waya barabarani siku waliyosema limetatuliwa, picha ya -19 chini ya rauta na picha ya -27 kwenye skrini. Nikaiprinti pia, nikapeleka mkononi kwenye duka lao mjini, nikaomba wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Na mwisho wa barua nikaandika kwa adabu tu kwamba nisipopata jibu nitapeleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini ipo hapahapa Arusha. Utaratibu ndo huo, unaanza na mtoa huduma, akishindwa ndo unapanda kwa mamlaka, na kuna baraza la kutetea watumiaji wa mawasiliano, TCRA-CCC, lipo kwa ajili yetu. Watu hawalitumii. Tunalalamika status za WhatsApp tu, alafu tunaendelea kulipa.

Nilipigiwa simu na msimamizi wa mafundi, mtu wa Arusha, anayejua kona yetu kwa jina. Akaniuliza swali moja, inasoma ngapi sasa hivi? Nikamwambia. Akasema hiyo sio sawa, natuma mtu na mashine. Na akatuma. Waya mpya mzima kutoka boksi, umepandishwa juu kuliko mwanzo Fuso lipite, umechomelewa, -20. Yani kumbe mtu mwenye uwezo wa kumaliza hili alikuwepo muda wote mjini hapa, hakuna aliyemfikishia ile namba.

Mengine kwa kifupi kwa wanaofunga sasa. Mbps 20 sio MB 20 kwa sekunde, gawa kwa 8, utapata 2.5, kwa hiyo usigombane na mtu ukiona faili linashuka kwa 2.5, hapo unapata haki yako yote. Kabla hujalalamikia spidi, chomeka laptop kwa waya kwenye rauta upime hivyo. Kama kwa waya iko sawa na chumbani ni mbovu basi ni waifai na ukuta wa tofali, isogeze rauta katikati ya nyumba. Waifai ya 5 GHz ina kasi lakini haipendi kuta, ya 2.4 inapita kuta ila imejaa za majirani. Umeme ukikatika, splita ya kwenye nguzo haitumii umeme kabisa, kwa hiyo ukinunua kale ka-UPS kadogo ka rauta, yani kabetri ka akiba, unaendelea na kazi Tanesco wakiwa wamekata, mradi upande wa kampuni wana jenereta.

Na kuna siku sio kosa lao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSY na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikalala Tanzania na Kenya na nchi zingine jirani, siku hiyo hata ungempigia nani. Taa ya LOS haiwi nyekundu siku kama hizo, mwanga unafika kwako vizuri, njia ya mbele ndo imekatika. Ukijua kuangalia taa unajua umpigie nani na useme nini.

Kilichobaki kwangu ni hela. Zile siku ambazo sikuwa na huduma bili ilikuja kamili, nimelipa ili wasinikatie na nimeandika barua nyingine kudai zirudishwe kwenye mwezi ujao, nakala ina muhuri. Wakijibu nitaweka hapa jibu lao lilivyo. Kama na wewe ulishawahi kurudishiwa, hasa watu wa Njiro na Sakina, niambie uliandikaje na walikata shilingi ngapi.