Koti moja kwa watu wawili: nilivyombeba mwanangu katika baridi ya Oslo

Mwanangu alitimiza mwaka mmoja na miezi miwili mwezi wa Desemba, wakati ambapo jua la Oslo huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na huwa limekwisha kuzama kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Saa hizo chache za mwanga sikutaka azikose, lakini kigari chake kilikuwa kikikwama kila mara kwenye vichochoro ambavyo theluji yake haijaondolewa. Nikarudia kitu nilichokulia nacho Tanga, yaani mbeleko, safari hii ile ya kisasa yenye mikanda mipana na vifungo vya plastiki. Nilidhani hakuna la kujifunza. Kumbe kwetu mama humfunga mtoto kwa khanga akihofia joto lisimzidi, na mimi sasa nilikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja: baridi nje ya nguo na jasho ndani yake.

Siku ya kwanza tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi Sognsvann, ziwa lililo mwisho wa njia namba 5, ambako familia nyingi huenda kutembea. Ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri. Nilikuwa nimemvisha fulana ya pamba, nguo ya kulalia ya pamba, sweta, kisha ovaroli nene ya theluji yenye miguu iliyoshonwa pamoja nayo, halafu nikamfunga kifuani juu ya koti langu. Baada ya nusu saa alianza kulia kilio ambacho sikukizoea. Tulipoingia ndani na kumvua, mgongo wake ulikuwa umelowa jasho, na vidole vya miguu vilikuwa vyekundu na baridi kama vimetoka kwenye maji ya barafu. Sikulala vizuri usiku ule.

Muuguzi wa kituo cha afya ya watoto alinieleza kosa langu kwa upole, na maelezo yake yalibadilisha namna yangu yote ya kufikiri. Pamba ikishalowa hukaa na maji na kumpoza mtoto, ilhali sufu humpa joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Tena, nguo nene hupasha joto kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake, na mikanda ya mbeleko inapoikandamiza ile hewa hutoka, kwa hiyo unene unabaki lakini faida yake imepungua. Mtoto akiwa ndani ya ovaroli kubwa pia hatulii vizuri kwenye mbeleko; huteleza chini taratibu, na mama hudhani amemkaza kumbe amekaza kitambaa. Ama vile vidole, sababu ilikuwa nyepesi zaidi: mtoto anapokunja magoti ndani ya mbeleko, ovaroli yenye miguu huvutwa juu na kubana vidole, na mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha kuupasha joto.

Tangu siku hiyo niliacha kumvisha mtoto peke yake. Nilianza kutuvisha sote wawili kama mwili mmoja. Ndani alivaa fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, zote za sufu nyembamba ya kondoo wa merino, na juu yake sweta jepesi. Kama baridi ilizidi nyuzi 10 chini ya sifuri niliongeza suruali ya pili ya sufu. Mimi nilivaa blauzi nyembamba ya sufu tu, ili pasiwe na kizuizi kikubwa kati ya kifua changu na chake. Nilimfunga ndani ya nyumba, nikahakikisha amekaa vizuri, kisha ndipo nikavaa koti juu yetu sote. Koti lenyewe lilikuwa langu la kawaida, ila jirani alinipa kipande cha kitambaa chenye zipu pande zote mbili, ambacho huunganishwa katikati ya koti na kulipanua. Kabla ya hapo nilikuwa nikiazima koti la mume wangu, nalo lilitosha, isipokuwa upepo uliingia shingoni.

Miguu ndiyo iliyonisumbua kuliko kiungo kingine chochote, kwa kuwa huning'inia nje ya koti na suruali hupanda hadi nusu ya muundi. Niliishia kumvalisha soksi mbili za sufu, ya nje ikiwa kubwa kwa makusudi, kisha soksi ndefu zisizo na nyayo zilizofika juu ya magoti, na mwisho buti laini zenye kamba za kufunga. Viatu vigumu sikuvitumia tena.

Mama yangu alipotuona kwenye simu ya video aliuliza mara moja, "Mwanangu, huyo mtoto anapumua humo?" Lilikuwa swali la haki. Uso wake ulibaki wazi muda wote, karibu na kidevu changu kiasi cha kumbusu bila kuinama sana, na nilipoona kidevu chake kimelalia kifua alipopitiwa na usingizi, nilimnyanyua na kumkaza upya. Skafu sikumfunga kamwe. Nilipendelea kofia ya sufu inayofunika masikio na shingo kwa pamoja, maana hiyo haifunguki wala haiwezi kumziba pua.

Kila baada ya dakika kumi hivi niliingiza vidole kwenye ukosi wake. Ukosi ukiwa na joto na mkavu, mtoto yuko salama. Ukiwa na jasho, nilifungua zipu kidogo. Mikono na pua havisemi ukweli, kwa sababu huwa baridi hata mtoto akiwa mzima kabisa. Ndani ya treni nilifungua koti lote na kumvua kofia, hata kwa vituo vitatu tu. Na kituoni sikusimama bure, bali nilitembea huku na huko, kwa kuwa joto lake lilitoka kwangu, na mimi nikisimama tanuri linazimika.

Jambo moja linahusu mama na si mtoto: ukiwa umembeba kifuani huoni unakokanyaga. Nilinunua vyuma vya kuvalisha chini ya viatu, ambavyo Wanorwe huviita brodder, na sikutoka bila hivyo barabara zilipoganda.

Kwa utaratibu huo tulizunguka Sognsvann nzima mwezi wa Januari, mwendo wa zaidi ya kilomita 3, na alilala nusu ya njia. Mwaka huu ana kilo 13 na anataka kushuka atembee mwenyewe, kwa hiyo nambeba mgongoni juu ya koti langu akiwa na ovaroli nyembamba isiyo na miguu, ya saizi moja zaidi, na kioo kidogo mfukoni cha kumtazamia uso.