i5-2500K yangu bado ipo sana
Jamani hii prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya 2011 washkaji wananiambia niitupe, mi nikasema ngoja kwanza. Imetoka kiwandani na 3.3 GHz, na ile K maana yake kizidishio (namba inayozidishwa na 100 MHz kupata spidi) hakijafungwa, basi nikaingia bayosi (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) nikakipandisha mpaka 45, mara 100 MHz ndo 4.5 GHz hiyo. Windows ikawaka freshi nikajiona fundi, kumbe kuwasha Prime95, programu ya kuitesti prosesa kwa kuikamua, dakika kumi tu skrini ya bluu, imezingua. Kuongeza volti ili itulie unaweza, ila joto nalo linapanda, na Dar hii mwezi wa pili, geto la Sinza halina eisii, feni inapuliza moto tu! Nikashuka 42, nikapaka pesti mpya ya kupitishia joto ya Kariakoo, nikaiacha kwenye testi usiku kucha ikatulia nyuzi 74. Saizi adui ni umeme, ukikatika katikati ya testi unaanza upya.