Herufi Nne Zilizonifungulia Sarafu Iliyofutika

Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ya kijani kibichi, imelika pande zote mbili. Niliipata kwenye mfuko wa sarafu chakavu za Kirumi nilionunua mnadani hapa Uingereza, ninakoishi. Wiki tatu sikujua ni ya nani.

Sarafu ya kwanza ya mfuko ule niliiua kwa siki: shaba ikatoka vidonda, maandishi yakaenda. Bado inaniuma. Hii nikailoweka kwenye maji yale safi ya kujazia betri (si asidi), nikayabadilisha kila baada ya siku chache, na uchafu nikauchokoa kwa kijiti cha meno. Tafadhali, usiharakishe hapo.

Lakini kilichoifungua ni mwanga. Usiku mmoja nilizima taa, nikailaza tochi mezani ili iimulike ubavuni. Vivuli vikainuka: kichwa chenye taji la miale, na nyuma ya shingo herufi D, I, V, O.

Nilipiga kelele peke yangu. Maandishi ya Kaisari aliye hai mara nyingi huanza na IMP, kifupi cha cheo chake, Imperator. DIVO ni "kwa ajili ya aliyefanywa mungu": huyo amekwisha kufa, na Seneti imempa heshima za kimungu. Mwisho ule wa O ndio unaobeba "kwa", hivyo jina lililofuata nalo liliishia na O: CLAVDIO, sawasawa na Klaudio tunayemsoma kwenye Matendo ya Mitume. Siye yule, hata hivyo. Aliyevaa taji la miale ni Claudius II, mshindi wa Wagothi, aliyekufa kwa tauni mwaka 270.

Nikaigeuza. Kwa heshima ya Claudius huyu, neno CONSECRATIO, yaani kufanywa mungu, huzunguka ama madhabahu yenye moto ama tai, yule aliyeaminiwa kuichukua roho ya Kaisari kutoka kwenye kuni za mazishi na kuipandisha mbinguni. Yangu ina tai.

Mizani ikanipa jambo jingine: gramu 1.3 tu, nyepesi mno kwa kazi ya serikali. Ni nakala ya kienyeji, kama zilivyogongwa kwa wingi Galia (Ufaransa ya leo) na Britania baada ya kifo chake. Shingo ya tai ni ndefu kama ya bata, na S ya CONSECRATIO imegeuzwa. DIVO, fundi yule aliiandika sawasawa.