Mtu aliyeandikwa kwenye ile ripoti hakuwa mimi: nilivyokata rufaa ya PIP

Nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu kuzaliwa. Nilikulia Tanga, nikaja Uingereza nikiwa mtu mzima, na sasa naishi Birmingham na mume wangu na watoto wetu. Miaka ya karibuni ugonjwa umenishika nyonga ya kushoto. Damu ilikuwa haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na sehemu ya mfupa ikafa. Wenye selimundu wengi wanaijua hali hii. Natembea na mkongojo, ngazi napanda kwa kushikilia, na baridi ikianza najua maumivu yako njiani.

Niliomba PIP (Personal Independence Payment), posho ya ulemavu iliyoanza kutolewa huku mwaka 2013 kwa watu wazima ambao hawajafika umri wa pensheni. Haitolewi kwa jina la ugonjwa. Wanaangalia mambo 12, kumi ya maisha ya kila siku, kama kupika, kuoga, kuvaa na kwenda chooni, na mawili ya kutoka na kutembea, na kila jambo lina pointi zake. Ukifikisha 8 upande mmoja unapata kiwango cha kawaida cha upande huo, ukifikisha 12 unapata cha juu. Mimi nilipewa 2 kwa maisha ya kila siku na 4 kwa kutembea. Yaani sikupata hata senti.

Barua ya kunikatalia ilikuwa fupi na ya heshima. Kilichonichoma ni ripoti ya mtathmini aliyenihoji, wa kampuni iliyopewa kandarasi ya kupima waombaji, kwa sababu barua yote ilikuwa imejengwa juu yake. Kwangu haikuja pamoja na barua. Nilipiga simu nikaiomba, ikaletwa na posta bila malipo. Niliisoma nimesimama mlangoni na bahasha ikiwa bado mkononi. Humo nimeandikwa kuwa nilikuja peke yangu. Kwamba nilitembea kwa mwendo wa kawaida kutoka mapokezi hadi chumbani. Kwamba nawapikia watoto kila siku. Kwamba nilikaa kwenye kiti muda wote bila dalili ya maumivu. Kwamba maumivu makali hunijia mara chache kwa mwaka, kwa hiyo siku nyingi sina tatizo. Nililia kwa hasira. Saa nzima nilimweleza yule mtu mambo ambayo hata mama yangu sijawahi kumweleza, ya chooni na ya bafuni, halafu akaandika mtu mwingine kabisa.

Nilitaka kuandika kurasa za malalamiko juu ya tabia yake. Aliyenizuia ni mama mmoja wa Mombasa anayejitolea kwenye kituo cha ushauri wa bure karibu na kwetu. Aliisoma ripoti yote mbele yangu, polepole, kalamu ya rangi mkononi.

"Mwanangu," akaniambia, "usimwite mtu mwongo. Hilo huwezi kulithibitisha, na hata ukilithibitisha halikupi pointi. Nionyeshe sentensi iliyokunyima pointi, tuijibu hiyo."

"Na hizi nyingine, Mama? Hapa kaandika nilivaa nadhifu."

"Hizo ziache zilale."

Huo ndio ukawa utaratibu wetu, na naamini ndio uliofanya kazi. Tulichukua karatasi tukaipiga mistari. Upande wa kushoto maneno ya ripoti na namba ya ukurasa, katikati jambo linalohusika kati ya yale 12, kulia ukweli wenyewe na ushahidi wake. Sentensi ambayo haikugusa pointi yoyote hatukuijibu. Kurasa zangu za hasira zikabaki mbili za maana.

Ile ya kuja peke yangu ripoti ilijipinga yenyewe. Ukurasa wa mwanzo umeandikwa kuwa nilisindikizwa na mdogo wangu, halafu mbele, kwenye sababu za kunipa sifuri ya kuvaa na kuoga, nikawa nimesafiri peke yangu. Tulinakili sentensi zote mbili zikafuatana, bila kuongeza neno. Mtu akiziona pamoja anaanza kujiuliza mengine yaliandikwaje.

Kutembea ndiko kulikotuchukua muda mrefu. Sheria inataka mita: zaidi ya 200, kati ya 50 na 200, kati ya 20 na 50, na chini ya hapo. Mtathmini alinipa zaidi ya 50 kwa kuniona kwenye korido tu. Mume wangu alichukua futi ya mafundi ujenzi akapima barabara yetu kuanzia getini. Mita 20 zinaishia kwenye nguzo ya taa ya kwanza, 50 hazifiki kituo cha basi. Tukaandika kinachotokea pale. Kwenye nguzo nakuwa nimeshaanza kuegemea mkongojo kwa mikono miwili. Nikifika kwenye uzio wa jirani wa rangi ya kijani nasimama, nashika mbao, nyonga inawaka hadi gotini, na ni lazima nisubiri mpaka iachie. Siku nikilazimisha kufika kituoni, jioni yake silali. Mdogo wangu na mume wangu waliandika barua za wanayoyaona, kila mmoja kwa maneno yake, na tarehe.

Hapa kuna kitu ambacho ningependa kila mwenye rufaa akijue. Kanuni ya 4 ya kanuni za PIP za mwaka 2013 inasema huhesabiwi kuwa unaweza jambo mpaka uweze kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kulirudia kila linapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule mrefu kabisa anaotumia mtu asiye na tatizo lako. Kwa hiyo "anatembea" peke yake si jibu. Anatembea halafu? Anaweza kurudia baada ya saa moja? Niliyapitia mambo yote kwa maswali hayo manne, na ndipo hata mimi nilipoona jinsi maisha yangu yalivyopinda bila kutangaza. Ni kweli napika, lakini nimekaa kwenye stuli ndefu kando ya jiko, na sufuria la ugali anasonga mume wangu. Mtathmini nilimweleza yote mawili, akaandika "anapika". Kuoga naoga, ila kuingia na kutoka kwenye bafu siwezi bila mtu wa kunishika mkono, na bila hivyo nimewahi kuanguka.

Hoja ya "mara chache kwa mwaka" ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi, kwa sababu sheria inadai tatizo liwepo katika zaidi ya nusu ya siku za mwaka, na ni kweli kwamba wodini silazwi nusu ya mwaka. Tulitenganisha vitu viwili ambavyo ripoti iliviweka kapu moja. Kuna zile siku za kulazwa, za dripu na mofini. Halafu kuna nyonga na uchovu wa upungufu wa damu, ambavyo viko kila asubuhi, nilazwe nisilazwe. Muuguzi wetu wa selimundu aliandika barua akaeleza hilo kwa aya mbili. Nilikuwa nimempelekea maswali kwa maandishi: natembeaje, napandaje ngazi, uchovu unakuja siku ngapi kwa wiki. Barua inayosema tu "mgonjwa huyu ana selimundu" haimsaidii mtu, maana ugonjwa wenyewe hakuna aliyeubishia.

Hatua ya kwanza ya kupinga ni kuiomba idara ya serikali inayotoa posho hii iangalie uamuzi wake upya, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya barua. Wakajibu kwa maneno yale yale. Wengi wanakata tamaa hapo, na inaniuma, kwa sababu baraza la rufaa ni watu wengine kabisa, si wafanyakazi wa idara. Una mwezi mwingine wa kukata rufaa, na hulipi chochote. Baada ya hapo ilikuwa kusubiri, miezi mingi ya kusubiri, pamoja na bunda la karatasi kutoka idarani lenye namba kila ukurasa. Namba hizo tukazihamishia kwenye karatasi yetu ili jopo lisipate taabu ya kutafuta.

Nilipokuwa nasubiri nililazwa tena, na mume wangu alitaka hilo liwe la kwanza kwenye maelezo yetu. Mama wa Mombasa akakataa. Baraza linaangalia ulivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa, si ulivyo leo. Lakini picha ya MRI ya nyonga iliyopigwa baadaye tuliipeleka, kwa kuwa mfupa ule haukufa kwa wiki moja, na daktari wa mifupa aliandika kuwa uharibifu ni wa siku nyingi.

Siku yenyewe nilichagua kwenda ana kwa ana badala ya simu. Kiingereza nakijua, lakini maumivu nayaeleza kwa Kiswahili, kwa hiyo niliomba mkalimani mapema, na baraza ndilo linalomlipa. Chumba cha kawaida, meza ndefu, jaji katikati, daktari upande mmoja, na upande wa pili mjumbe mwenye uzoefu wa mambo ya ulemavu. Kutoka idarani hakuja mtu. Daktari aliniuliza ngazi za nyumbani ni ngapi na mguu gani unatangulia. Yule mjumbe aliniuliza kitunguu nakikatia wapi. Nilimwambia nimeweka ubao mapajani, na akaandika. Jaji alirudi mara mbili kwenye zile sentensi mbili zinazopingana.

Mdogo wangu alitaka kunisaidia kujibu, jaji akamwambia kwa upole zamu yake itafika, na ikafika.

Walitutoa nje kidogo, wakatuita tena. Kupika 2, kuoga 3, kuvaa 2, chooni 2, jumla 9. Kutembea 10, kwa sababu ya mkongojo na zile mita kati ya 20 na 50. Kiwango cha kawaida pande zote mbili, na malimbikizo kuanzia tarehe niliyoomba. Jopo linaweza pia kupunguza ulichonacho, kwa hiyo mwenye pointi tayari apate ushauri kwanza. Mimi sikuwa na cha kupoteza.

Nimepewa kwa muda maalum, baada ya hapo fomu ya mapitio itakuja. Karatasi yetu ya safu tatu nimeihifadhi pamoja na barua zote, na kwenye daftari naandika kila nyonga inaponisimamisha, na wapi.